Siku Kumi na Nne za Taratibu

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa tatu na nusu asubuhi, kiwanda kimeshaamka zamani na ngurumo za mitambo zinatikisa vioo vya madirisha ya ofisi. Kwenye kibaraza kirefu cha saruji anatokea mtu mmoja mwembamba, shati kalifunga vifungo mpaka cha kooni, nywele kazichana kwa maji. Zamu yake ni ya saa nane mchana, lakini kawahi, tena kavaa viatu vya kutokea, na mkononi ana bahasha iliyokunjwa mara mbili. Hana haraka. Usidhani anaogopa, hivyo ndivyo atembeavyo siku zote, hata mvua ikimnyeshea, na ndiyo maana wenzake walimpachika jina la Taratibu.

Anakwenda ofisi ya utumishi kuomba kitu ambacho, tangu kiwanda kile kijengwe, hakuna mwanamume aliyewahi kukiomba.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Sijui kama umewahi kuona ndoo inavyozaliwa. Punje za plastiki, ndogo kama mbegu za mtama, zinamiminwa kwenye mtambo, zinapita kwenye bomba la moto mpaka zinakuwa rojo. Rojo lile linasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu, yaani lile umbo la chuma linaloipa ndoo sura yake. Kalibu inapozwa, inafunguka, ndoo inadondoka. Kabla hujamaliza kuitazama, nyingine inakuja. Kazi ya fundi ni kuusikiliza mtambo kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtu. Adui yake mkubwa ni ubaridi. Mtambo ukisimama na rojo ndani bila kusafishwa, lile rojo linaganda kama jiwe, na kulitoa ni kazi ya siku mbili, kwa patasi ya shaba na matusi ya kila aina.

Kwa sababu hiyo mafundi wa pale walikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Anayetoka zamu haondoki mpaka anayeingia amerudia kwa kinywa chake kila alichoambiwa: joto liko wapi, ndoo nzima ngapi, mbovu ngapi, mtambo umekohoa mara ngapi na saa ngapi. Huyu anasema, yule anarudia, kisha huyu anaondoa mkono kwenye mtambo na yule anaweka wake. Ukiondoka kabla ya hapo, hata kama ni msiba umekuita, utasemwa mwaka mzima. Na zamu ikipita kimya, bila kikohozi, fundi aliandika kwa chaki kwenye ubao ulioning'inia kando ya mtambo: "Zamu safi." Taratibu alikuwa na Mtambo Namba Nne kwa miaka tisa, na ubao wa Namba Nne ulikuwa na zamu safi nyingi kuliko mitambo mingine yote.

Sasa turudi kibarazani, maana ameshafika.

Karani wa utumishi alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Taratibu alimwamkia, akafungua bahasha, akatoa mkataba wake wa kazi. Ule mkataba alikuwa ameutia sahihi miaka tisa nyuma kama watu wengi wanavyofanya, kwa haraka, karatasi ikiwa mgongoni kwa mwenzake. Lakini mwezi uliopita alikaa chini akausoma wote, neno kwa neno, na kwenye ukurasa wa tano akakuta kwamba mfanyakazi aliyepata mtoto anayo likizo ya siku kumi na nne kwa mshahara kamili, awe mama aliyemaliza likizo yake kubwa na anaiongeza, au awe baba. Neno baba lilikuwepo. Alikuwa amelipigia mstari kwa penseli.

Karani alisoma mara mbili, mara ya kwanza na miwani, mara ya pili bila miwani. Kisha akavuta droo moja, ya pili, ya tatu, mpaka akaitoa fomu iliyokuwa imelala chini ya rundo la fomu za kina mama, kingo zake zimeshageuka rangi. Akaipuliza vumbi.

"Kwani ni wewe unayejifungua?" akauliza, macho yakicheka.

"Hapana, mama. Lakini mtoto ni wa watu wawili."

Yule mama akamtazama kidogo, akampa kalamu.

Ni kitu gani kilichomsukuma mtu mpole kama yule kwenda kuchokoza droo ambayo haijafunguliwa? Wenzake walidhani ni uvivu wa ghafla. Mimi nitakuambia.

Miaka minane kabla ya hapo, mkewe alikuwa amejifungua binti yao wa kwanza kwa kupasuliwa. Siku aliyorudishwa nyumbani, Taratibu alimshika mkono mpaka ghorofa ya pili, akamlaza, akamwekea maji ya kunywa kando ya kitanda, akatoka mbio kuwahi zamu. Ilikuwa hivyo hivyo siku ya pili na ya tatu. Majirani walisaidia, lakini jirani naye ana sufuria lake jikoni. Siku ya sita maji yaliisha ndani. Mkewe akashuka ngazi na ndoo, akakinga bombani, akapanda nayo. Ndoo yenyewe, nakwambia, ilikuwa imetoka Mtambo Namba Nne. Kidonda kikafumuka. Taratibu alizipata habari jioni, getini, kutoka kwa jirani aliyekuwa akifagia: "Pole shemeji, mwenzio wamempeleka hospitali tangu mchana." Mkewe alilala huko wiki tatu.

Na yule binti? Mpaka anafikisha miezi mitano, baba yake akimbeba, binti alikuwa akimkazia macho kama mtu anavyomwangalia msoma mita za umeme: si adui, lakini hatumjui vizuri, na asikae sana. Kisha analia. Taratibu hakulalamika kwa mtu. Ila moyoni alipigilia msumari mmoja: wa pili akija, sitaambiwa habari zake getini jioni.

Kwa hiyo fomu ilikuwa imejazwa. Ikabaki sahihi ya msimamizi mkuu wa mitambo, ambaye wafanyakazi walimwita Kengele, kwa kuwa aliingia kazini kabla ya kengele kulia na hakuna aliyewahi kumwona akitoka. Hakuwa mtu mbaya. Mfanyakazi akifiwa, Kengele ndiye wa kwanza kutoa mkono. Lakini mwezi ule kulikuwa na oda ya ndoo elfu arobaini, na mwisho wa mwezi kulikuwa na nafasi ya msimamizi wa zamu, na hata paka wa kiwandani alijua kwamba nafasi ile ilikuwa ya Taratibu.

Kengele aliisoma fomu akiwa amesimama katikati ya mafundi, akaishusha polepole.

"Utakaa nyumbani siku kumi na nne ufanye nini? Unyonyeshe?"

Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia mitambo. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Chapuchapu, fundi wa Namba Sita, kijana mwepesi wa mikono na wa ulimi. Taratibu akangoja kicheko kiishe chenyewe, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke barabara.

"Kunyonyesha yupo mwenyewe, mzee," akasema. "Yaliyobaki yote ni yangu. Nitasubiri sahihi hapa hapa, sina haraka."

Akasubiri kweli. Kengele akaenda akarudi, akaenda tena akarudi, akamkuta pale pale. Mwishowe akatia sahihi juu ya pipa la punje, lakini akamwambia bila kumung'unya kwamba nafasi ya usimamizi hupewa mtu anayepatikana akihitajika, na kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Taratibu akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akamshukuru.

Mtoto akaja wiki iliyofuata, wa kiume, safari hii bila kisu. Mama na mtoto wakarudi nyumbani siku ya pili, na Taratibu akaanza kazi.

Nyumbani kwao palikuwa vyumba viwili, ghorofa ya pili, bomba la maji liko uani chini. Alfajiri ya kwanza alipotokea uani na ndoo mbili na beseni la nepi, foleni ya wanawake iligeuka yote kumtazama. Kisha mmoja akasema leo bomba limeposwa, mwingine akauliza kama anakodishwa kwa siku au kwa wiki, maana na yeye kwake ana kazi. Taratibu akajibu kwamba kwa sasa ameajiriwa sehemu moja na bosi wake ni mkali, ana siku mbili tangu azaliwe. Wakacheka, wakampisha mbele. Siku ya tatu walikuwa wakimfundisha nepi inavyokamuliwa isibaki na povu.

Usisahau kwamba mtu huenda nyumbani na kazi yake. Taratibu alinunua chaki, akachora mistari nyuma ya mlango wa chumbani: kanyonya saa ngapi, nepi za mkojo, nepi za choo, kalala muda gani. Na akataka wapokezane kwa taratibu za kiwandani. Mkewe, ambaye ni msusi na ana mdomo wa msusi, alimwambia waziwazi, "Baba watoto, mimi si mtambo na huyu si ndoo." Lakini siku ya kwanza alipoamka usingizini na kunyoosha mikono ampokee mtoto, mumewe hakumwachia.

"Kanyonya saa nne, titi la kushoto. Nepi moja ya mkojo. Kapiga chafya mbili."

"Nipe mwanangu."

"Rudia kwanza."

"Saa nne, la kushoto, nepi moja, chafya mbili, na baba yake ana kichaa. Nipe mwanangu."

Akampa. Mkewe akanuna kama dakika tatu hivi, kisha akaanza kucheka peke yake, akaambiwa asicheke sana atajiumiza. Tangu hapo wakawa wanapokezana. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa yule mama alilala saa nne mfululizo mchana, mlango umefungwa, akijua kwamba upande wa pili kuna mtu mwenye mkono juu ya mtoto.

Siku mbili za mwanzo mtoto alilia sana. Siku ya nne akatulia. Anashika titi, anavuta kidogo, analala. Anaamshwa, anavuta kidogo, analala. Nyumba ikawa kimya. Taratibu akaenda nyuma ya mlango, akaandika kwa herufi kubwa: "Zamu safi." Siku ya tano akaandika tena, tena akapigia mstari.

Siku ile ya tano mama yake mzazi alikuja kumwona mjukuu. Akamkuta mwanawe anaanika nepi kwenye kamba ya kibarazani. Alisimama, akashika kiuno, akamwambia kwamba marehemu baba yake hakujua hata kamba ya nguo imefungwa wapi. Taratibu akamjibu kwa heshima, akiendelea kubana vibanio, kwamba ndivyo hivyo mama, na wewe ulianika peke yako na mgongo unauma, nami nilikuwa nakuona. Bibi akaweka mkoba chini, akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua wote wawili. Ndani alimpakata mjukuu, akamsifia kwamba katoto katulivu, hakana makuu, kamemfuata baba yake. Kila mtu akakubali.

Siku ya sita, saa nane mchana, simu ikaita. Kengele. Namba Nne imekufa. Kibarua aliyewekwa badala yake aliusimamisha mtambo akaenda kula, rojo likaganda bombani, na oda haijafika hata nusu. Kengele hakufoka, angefoka ingekuwa rahisi zaidi. Alizungumza kama mtu anayemwomba ndugu yake.

"Njoo kesho asubuhi. Siku mbili tu, uufungue, kisha urudi kwa mtoto wako. Ukija, ile nafasi ni yako, naiandika leo. Usipokuja nampa Chapuchapu. Nijibu kabla sijatoka."

Taratibu akakaa kitandani. Usimwone mtu ana msimamo ukadhani hatikisiki. Usimamizi wa zamu ulikuwa ni nyongeza ya mshahara, na pengine vyumba vitatu badala ya viwili, chini, karibu na bomba. Alikuwa ameungoja kwa miaka. Mkewe naye akamwambia aende. Mimi nina nafuu, akamwambia, mtoto mwenyewe huyu hata sauti hana, siku mbili ni nini? Ulichotupa kinatosha, nenda.

Naye akakubali. Nakwambia ukweli, alikubali. Akainuka achukue shati la kazi. Lakini fundi haondoki hivi hivi, sharti akabidhi. Akasimama mbele ya mlango, mkewe akiwa amekaa na mtoto mapajani, akaanza kusoma kwa sauti ili mwenzake arudie. Akasoma saa za kunyonya. Mkewe akarudia. Akasoma usingizi. Mkewe akarudia. Akafika kwenye mkojo.

"Siku ya tatu, nepi nne. Siku ya nne, tatu. Jana, mbili. Leo tangu alfajiri..."

Kwenye mstari wa leo hapakuwa na alama hata moja, na ilikuwa inakaribia saa tisa.

"Leo hakuna," mkewe akarudia, taratibu kuliko yeye.

Wote wawili wakamtazama mtoto. Alikuwa amelala, midomo mikavu, ngozi yake ina rangi ambayo walidhani ni ya pazia la njano. Taratibu akalivuta pazia. Rangi haikuondoka.

Hapo ndipo alipojua alichokifanya. Miaka tisa alikuwa anawafundisha wenzake kwamba mtambo unaokohoa si wa kutisha, wa kutisha ni ule unaonyamaza ghafla, kwa sababu huenda rojo limeanza kuganda. Akilijua hilo kwa masikio na kwa vidole, bado alikuwa amechukua chaki akamwandikia mwanawe mwenyewe zamu safi, mara mbili, na mstari chini. Akayafuta yale maneno kwa kiganja. Shati la kazi likabaki msumarini.

Kituo cha afya kilikuwa mwendo wa robo saa. Binti yao waliyemkuta ngazini akitoka shule walimwachia jirani. Muuguzi alimvua mtoto, akamweka kwenye mizani, akatazama daftari la uzazi, akamweka tena. Alikuwa amepungua zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito aliozaliwa nao. Akamfunua macho, weupe wake ulikuwa wa manjano. Akamtia kidole mdomoni aone anavyovuta, akatikisa kichwa. Akauliza mara ya mwisho mtoto alikojoa lini, kwa sauti ya mtu aliyezoea kujibiwa kwamba sikumbuki, dada, nimechoka. Taratibu akatoa simu. Kabla ya kutoka alikuwa ameupiga picha mlango. Muuguzi akaikuza ile picha kwa vidole, akausoma mlango wote, siku baada ya siku, saa baada ya saa, kisha akaenda kumwita daktari.

Aliporudi aliwaambia maneno ambayo Taratibu huyarudia mpaka leo. "Watoto wa namna hii hawalii. Wanalala tu, na nyumbani wanasifiwa. Wengi tunaletewa siku mbili baadaye. Mmefanya vizuri kuhesabu."

Mtoto akalazwa, akawekwa chini ya mwanga wa buluu, macho yamefungwa kitambaa kama fundi wa kuchomelea. Alikuwa hashiki titi vizuri, basi. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho na kubwa kiasi hicho. Mama akafundishwa kumshikisha upya na kukamua maziwa, na yale maziwa yakawa yananyweshwa kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, kila baada ya saa mbili. Muuguzi alipouliza nani atakuwa akimnywesha ili mama apate kulala, aligeuka akitafuta bibi au shangazi. Baba akanyoosha mkono.

Kabla ya kushika kikombe alitoka kwenye korido, akakaa kwenye benchi, akampigia Kengele. Alimweleza mtoto yuko wapi. Kengele akampa pole, pole ya kweli, kisha akasema kwamba kituoni si kuna wauguzi, na mama mtu yupo.

"Mzee, sitakuja," Taratibu akasema.

"Unajua unachokiacha?"

"Nakijua. Nimebakiwa na siku nane, na nitazimaliza zote. Mwambie Chapuchapu, akianza kuufungua huo mtambo aupashe moto kwanza polepole, asiupige nyundo."

Akakata simu, akaenda kunawa mikono mpaka viwiko.

Siku tatu walikaa pale. Mtoto alipolia kwa nguvu kwa mara ya kwanza, akatikisa wodi nzima, wazazi wake walitazamana kama watu walioshinda bahati nasibu. Nyumbani, siku ya kumi, nyuma ya mlango palikuwa na nepi sita za mkojo. Hawakuandika zamu safi. Mkewe alichukua chaki akaandika, "Kelele nzuri."

Zile siku nne zilizobaki zilikuwa ndogo, lakini zilibeba mengi. Taratibu aligundua kwamba binti yake, yule wa msoma mita, anajua kupiga mluzi, na kwamba anamwogopa mwalimu wa hesabu. Mambo hayo aliambiwa njiani wakienda shule, kwa sababu alikuwepo njiani. Asubuhi moja alijaribu kumsuka. Binti alijitazama kwenye kioo, akatafakari, akaomba kitambaa cha kichwa. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini alicheka akiwa amesimama, na kidonda hana, na ndani ya wiki sita alikuwa amerudi kwa wateja wake, ilhali uzazi ule wa kwanza ulimchukua miezi saba.

Siku ya kumi na tano Taratibu akaingia zamu. Chapuchapu alikuwa ameshavaa koti la msimamizi, bado lina mikunjo ya dukani. Mmoja wa mafundi akamwita Mama Taratibu, naye akaitika vizuri tu, akauliza huyo mwana wangu anataka nini, na utani ukafa palepale kwa kukosa wa kukasirika. Namba Nne ulikuwa na makovu ya nyundo bombani. Alikaa nao mpaka ukapumua. Mshahara ukabaki ule ule, na vyumba vikabaki viwili. Usiku? Alilala vizuri, kadiri mwenye mtoto mchanga anavyoweza kulala.

Hadithi ingeishia hapo, na wengine wangependa iishie hapo. Lakini miezi minne baadaye, saa nane mchana, Kengele alimwita ofisini akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alizunguka meza, akapanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Kisha akamsogezea fomu. Ilikuwa ile ile ya likizo ya baba, mpya, imejazwa kwa mwandiko safi na kijana mmoja wa idara ya kufungasha. Taratibu akasoma jina, akainua macho. Kiwanda kizima kilijua kwamba kijana yule ni mkwe wa Kengele, kamwoa binti yake wa mwisho.

Kengele alizungumza akitazama dirishani. Binti yake atajifungua mwezi ujao. Mama yake alishafariki, na yeye baba hajui hata mtoto mchanga anavyoshikwa kichwa. Wanne amewazaa, wote walikuwa wamelala alipotoka na wamelala aliporudi. Usiku na mchana anamwaza binti yake peke yake na mtoto. Oda ya mwezi ujao ni kubwa kuliko ile. Akitia sahihi, watu watasema fundi wa miaka tisa alinyang'anywa nafasi kwa kuomba siku hizi hizi, mkwe kapewa kwa sababu ni mkwe. Asipotia sahihi, binti yake atamtazama vipi?

"Nishauri," akasema. "Wewe ndiye uliyeanza."

Taratibu alifikiri kwa kasi yake ile ile. Akamwambia kwamba sahihi aitie, kwa kuwa siku zile si zawadi, zimeandikwa mkatabani. Lakini baada ya kuitia akabandike tangazo kwenye ubao wa getini, likisema kila baba wa kiwanda hiki anazo siku kumi na nne, na hatapoteza nafasi yoyote kwa kuzichukua.

"Nikibandika hilo," Kengele akasema polepole, "mtu wa kwanza atakayeniuliza swali ni wewe."

"Nitakuuliza, mzee. Tena mbele ya watu."

Akaomba ruhusa, akatoka kwenda kwenye mtambo wake. Kengele akabaki na fomu mezani. Kijana wa kufungasha alikuwa ameambiwa aje kuchukua jibu kesho asubuhi. Kabla ya hapo palikuwa na jioni moja nzima, na nyumbani kwa Kengele binti yake alikuwa amekuja kumtembelea. Wewe ungekuwa Kengele, ukiwa na kalamu ile mkononi, ungeandika nini, na ubaoni pale getini watu wangesoma nini asubuhi?